Namba ya Ng'ambo

1 Desemba

Leo ziwa limefungwa. Hakuna anayeruhusiwa kutupa wavu mpaka mwezi wa tatu, ili samaki wazae. Soko la Kashikishi limenyamaza. Meza za samaki zimebaki na magamba makavu, na wanaume wamekaa juu ya mitumbwi iliyopinduliwa wakisubiri kuitwa kula. Kila mwaka msimu huu kituo chetu cha polisi hujaa kesi za watu wasio na kazi: ulevi, ugomvi, wizi wa mihogo shambani.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Ndiyo lugha ya mama yangu, aliyekuwa mwalimu ng'ambo, katika mji wa Kilwa, Congo, kabla hajaolewa huku Zambia. Alinifundisha Kiswahili cha shule kwa fimbo na biskuti. Tena hakuna mpelelezi mwenzangu hapa Nchelenge anayeweza kukisoma.

3 Desemba

Mvua kutwa. Mihogo mitatu iliyoibwa, imepatikana ikiwa imeshachemshwa.

6 Desemba

Alikuja mama mmoja anayeitwa Arlène, mwalimu wa kwaya wa kanisa moja Kashikishi. Alivuka ziwa kutoka Congo mwaka wa vita, akapitia kambi ya wakimbizi ya Kenani, akaolewa na mvuvi wa hapa, Webby. Aliweka simu mezani kifudifudi na kusema kwa sauti ndogo, "Madame, usifungue mbele ya hawa babwana."

Nikampeleka stoo, tukaketi juu ya magunia ya ushahidi. Kwenye simu kulikuwa na picha ya mwanamke uchi, na uso ulikuwa wa Arlène. Chini yake maneno: atume pesa kila Ijumaa, la sivyo kanisa zima litaiona.

"Kichwa ni yangu," alisema, "lakini mubili hapana yangu. Miye balinipasua tumbo mara mbili juu ya kuzaa. Angalia huyu mwanamuke. Alama iko wapi?"

Niliangalia. Tumbo la mwanamke yule lilikuwa laini kama sahani.

"Umemwonyesha bwana wako?"

"Huyo mutu wa simu alimutumia foto yeye kwanza, kisha miye. Webby amehamia kwa kaka yake. Haulizi kitu."

Nilimwambia nitampata aliyefanya hivi. Nilisema hivyo kwa sababu niliamini, na bado naamini. Nimekamata watu waliojificha kwenye matete ya ziwa hili, sembuse mtu anayejificha nyuma ya simu.

9 Desemba

Namba ile ni ya Congo. Ba Levy, mkuu wetu wa kituo, alipoziona tarakimu za mwanzo alinirudishia faili hata kabla sijakaa.

"Hii si yetu, Febby. Ni ya ng'ambo."

"Aliyeumizwa ni wetu, mukwai," nikamjibu kwa heshima.

"Aliyeumizwa ni wetu, mhalifu ni wao, na kampuni ya hiyo programu ya simu iko Amerika. Unataka kukamata upepo?"

Kisha akanieleza njia halali, kama mtu anayemwelekeza mgeni. Niandike barua kwa makao makuu Lusaka. Lusaka wapeleke wizarani, wizara iandikie Kinshasa, Kinshasa waishushe Lubumbashi, na Lubumbashi waipeleke Kilwa. Bwato la injini likiondoka hapa asubuhi linafika Kilwa kabla ya chakula cha mchana. Barua yangu itazunguka nusu ya Afrika ili ivuke maji ninayoyaona dirishani.

Nimeiandika. Nimejaza na fomu ya kampuni ya Amerika, ambayo iliniuliza kama mimi si mashine.

15 Desemba

Nimempigia mpelelezi wa polisi ya Congo huko Kilwa, anaitwa Octave. Anaongea polepole, kila neno analipima.

"Madame Febby, bila karatasi ya parke, miye siwezi gusa mutu."

Parke ni ofisi yao ya mwendesha mashtaka. Nikamwuliza kama anaweza angalau kunitajia mwenye namba.

"Hiyo pia inafaa karatasi."

"Na kitu gani hakiombi karatasi kwenu?"

"Mvua," alisema.

Nilikata simu nikiwa na hakika kwamba ni mvivu, au anasubiri nimtolee kitu.

18 Desemba

Mvua. Hakuna jibu kutoka Lusaka.

20 Desemba

Nimemdhulumu Octave. Leo alinipigia mwanamke kutoka Kilwa, muuguzi, jina lake Claire. Alisema, "Inspekteri Octave alinipa namba yako. Alisema hayuko ananipa kama polisi, ananipa kama mutu."

Claire naye ametumiwa picha ya uchi yenye uso wake, na maneno ni yale yale mpaka makosa ya tahajia. Alimnong'oneza Octave tu, hakufungua mashtaka. Anaogopa ikisikika hospitalini, wagonjwa watacheka akiwachoma sindano.

Nilimwomba aniambie tu amevaa nini kichwani kwenye ile picha.

"Kitambaa ya kijani. Ya kwaya."

Nikatoka mbio hadi kwa Arlène. Yeye pia kwenye picha ana kitambaa cha kijani. Akakaa chini kwenye mkeka.

"Kile kitambaa nilivaa siku moja tu," alisema. "Siku ya sikukuu ya makwaya, hapa Kashikishi. Kwaya ya Kilwa ilikuja na bwato, tukavaa bote sawa. Kulikuwa fotografe mumoja, Méschac. Alitupiga foto mumoja mumoja, akasema ataleta. Hakuleta."

"Hiyo picha uliwahi kuipata?"

"Hata siku moja. Sijaiona mpaka niliiona na mubili ya mutu mwingine."

Basi nina jina. Méschac alikuwa na kibanda cha picha na kuchaji simu hapa. Watu wanasema alihama tangu kiangazi, akarudi Congo.

25 Desemba

Kwaya iliimba bila Arlène. Webby alikaa benchi la nyuma, akatoka kabla ya baraka.

6 Januari

Leo nilipangiwa doria na watu wa idara ya uvuvi, kwenda kisiwani kutafuta nyavu zilizokatazwa. Niliudhika, maana niliona ni kupoteza siku.

Kwa atakayesoma haya baada yangu: kuna Kilwa mbili. Kuna mji wa Kilwa, ulio nchi kavu ya Congo. Na kuna kisiwa cha Kilwa, kilicho majini, karibu zaidi na Congo kuliko na sisi. Lakini kisiwa ni cha Zambia, na bendera yetu iko pale shuleni.

Nilishuka bwatoni, viatu mkononi. Nilipokanyaga mchanga simu yangu ililia. Kampuni ya simu ya Congo ilikuwa inanikaribisha nchini kwao, kwa Kifaransa.

Nilibaki nimesimama, maji yananipiga miguuni. Nilikuwa Zambia, na simu yangu ilikuwa Congo. Mtu anaweza kukaa hapa, akanunua laini ya ng'ambo, akatumia mnara wa ng'ambo, na kila askari atakayemtafuta atasema ni wa ng'ambo. Lakini mwili wake uko kwetu, na sheria hukamata mwili.

Nikauliza kisiwani nani anachaji simu. Kila mtu alinyoosha mkono upande mmoja, akataja jina la Méschac. Kibanda cha mabati, sahani mbili za sola juu, na maandishi ya rangi nyekundu: FOTO NA CHAJI. Ndani alikuwa kijana mtanashati, shati limepigwa pasi. Aliniona, akaona sare, akatabasamu.

"Karibu, mama. Tukupige moja?"

"Siku nyingine," nikasema. Sikuwa na hati ya mahakama. Kuondoka pale kulinigharimu kuliko kazi yoyote niliyoifanya mwaka uliopita.

9 Januari

Hakimu amenipa hati ya upekuzi. Ba Levy alisoma ripoti yangu mara mbili. "Kwa hiyo ni yetu," alisema. Akanitafutia mafuta ya bwato, na hakuniambia ameyatoa wapi.

12 Januari

Tumemkosa. Bwato la polisi linaonekana kutoka mbali kama ng'ombe kwenye mpunga. Tulipofika, kibanda kilikuwa wazi na kitupu. Hata nyaya amebeba. Mama mmoja aliyekuwa akianika kapenta, dagaa wa huku (sikumwuliza amewapata wapi ziwa likiwa limefungwa), alinionyesha kwa kidevu mtumbwi wa injini uliokuwa unaingia ufukwe wa Congo. Niliuangalia mpaka ukafika. Ndani ya sheria nisingeweza kuufuata hata mita moja kupita katikati ya maji.

Nilimpigia Octave papo hapo. Alimwona Méschac akishuka. Alimwona kwa macho yake.

"Iko hapa mbele yangu, ananunua mukate," alisema. "Sina kitu ya kumushikia. Hati yako hapa ni karatasi ya kufungia sukari."

Safari hii sikumkasirikia. Nilisikia sauti yake ikimwuma yeye mwenyewe.

13 Januari

Amelipiza kisasi. Asubuhi picha ya Arlène imeingia kwenye kundi la simu la kanisa, na kwenye kundi la wauza samaki, na la wazazi wa shule. Kufika saa nne kila simu ya Kashikishi ilikuwa nayo. Mimi mwenyewe nimetumiwa na watu sita, wawili wao wazee wa kanisa, kila mmoja akiandika kwamba anasikitika.

Nilimkuta Arlène nyumbani, amefunga mlango kwa ndani. Jirani zake walikuwa wamesimama barazani bila kujua waseme nini. Niligonga, nikasema jina langu. Alifungua. Hakuwa analia. Alikuwa anasonga ubwali, mwingi kupita kiasi, wa kulisha watu kumi, na hakukuwa na mgeni.

"Sasa bameona bote," alisema. "Hakuna tena kitu ya kunitisha nayo."

Nikachukua mwiko, nikamsaidia. Baadaye aliniuliza kama hiyo kampuni ya Amerika itaifuta. Nikamwambia nimewaandikia tena, na kwamba wataifuta, lakini zile zilizo kwenye simu za watu hakuna wa kuzifuta ila wenye simu. Nilitaka kusema uongo mzuri. Sikuuona.

"Basi naomba kitu moja," alisema. "Ongea na Webby. Umwambie juu ya tumbo. Miye siwezi kumwambia kitu anajua."

14 Januari

Webby alikuwa ufukweni, anashona wavu ambao hawezi kuutumia. Ni mwanaume mkubwa, mikono kama makasia. Nilikaa kando yake. Akasema kwa Kibemba kwamba hataki mambo ya polisi.

"Mke wako alipasuliwa akizaa," nikasema. "Mara ngapi?"

Sindano ya wavu ilisimama. "Mara mbili."

"Kovu likoje?"

"Linashuka. Kama mstari wa..."

"Duniani kuna mwanaume mmoja tu anayelijua kovu hilo, Ba Webby. Ile picha uliiangalia?"

"Niliona uso. Nikaizima. Niliona aibu kuendelea kuangalia."

Nilikuja pale nimejiandaa kumchukia. Lakini nikaelewa kwamba mtu anaweza kukosea kwa kuangalia kidogo kuliko inavyotakiwa. Nikamwacha. Kabla sijafika barabarani alinipita, wavu bado begani, akielekea kwake.

20 Januari

Mvua kubwa, barabara ya kwenda Mwansabombwe imekatika. Nimeongea na Octave muda mrefu. Sasa ananiita dada.

Tuliweka mambo mezani. Mimi nina mlalamikaji, nina hati, sina mtu. Yeye ana mtu, hana mlalamikaji. Hawezi kunikabidhi Méschac. Hilo ni la mawaziri na litachukua miaka. Nikamwambia, "Sikuombi umkabidhi kwangu. Fungua faili yako mwenyewe."

"Kama Claire anaandikisha malalamiko, natoa konvokasyo, karatasi ya kumuita mutu. Naipeleka mu soko, mbele ya batu."

"Mtu akiitwa na polisi Kilwa, anakimbilia wapi?"

Octave alicheka, mara ya kwanza kumsikia. "Dada, kutoka hapa njia ni moja tu yenye maji."

27 Januari

Claire amekataa, akakubali, akakataa. Leo aliniuliza swali la haki: "Kama miye naandikisha na batu wananicheka, utakuwa nyuma yangu? Uko inchi ingine."

Nilimjibu kwamba sina nguvu yoyote huko kwao. Nikamwomba aongee na Arlène, aliyekuwa kando yangu, nikampa simu na kutoka nje. Sikusikia yote. Mlangoni nilimsikia Arlène akisema, "Miye banamaliza kuniona. Wewe bado. Lakini unalala? Eh? Unalala muzuri?" Kisha wakaanza kuongea juu ya sauti ya tatu katika wimbo fulani ambao kwaya ya Kilwa iliuharibu siku ya sikukuu, wakabishana.

Jioni Octave aliandika: Dosye imefunguliwa.

5 Februari

Jana Octave alipeleka wito wake sokoni kama alivyoahidi, akausoma kwa sauti, jina zima na kosa. Mkuu wake amemgombeza kwa kujitafutia kelele. Alijibu kwamba mhuri ni halali, sauti ndiyo aliyopewa na Mungu.

Mimi nilikuwa kisiwani tangu juzi, nimevaa kitenge na kandambili, nakaa kwa mama yule wa kapenta. Jina lake Eness. Hakuuliza kitu, alinipa beseni na samaki wa kugeuza juani.

Leo asubuhi mtumbwi ulikuja kutoka Congo. Méschac alishuka na begi lake, shati lile lile, halijapigwa pasi. Alifungua kibanda kama mtu aliyerudi kutoka likizo, akatoa sola, akaziweka juu ya bati. Niliendelea kugeuza samaki. Nilitaka awashe simu.

Alipoiwasha, nilimwandikia Claire neno moja, ili aipige ile namba iliyomtumia picha: Piga.

Nikaenda na beseni langu mpaka kibandani, nikanyoosha simu yangu kuukuu, nikamwomba anichajie. Alikuwa ananipokea bila kuniangalia usoni, maana wanaume kama yeye hawaangalii usoni mwanamke wa kandambili. Simu yake ikaita mkononi mwake. Akatazama jina, akatabasamu. Nadhani alifikiri Claire anakuja kumwomba msamaha.

Nikaichukua kutoka vidoleni mwake kabla hajaamua, nikaipokea.

"Mama Claire, njo miye, Febby," nikasema, maana huko kwao "ni mimi" husema hivyo.

Upande wa pili Claire akasema, "Ni namba yake? Ni yeye?"

"Ni yeye. Nimeshika simu yake, na yeye amesimama mbele yangu."

Méschac alisema kwa Kiswahili, kwa upole, kama anamfundisha mtoto: "Mama, ile namba ni ya Congo. Hauna droa na miye, hauna haki ya kunigusa."

"Namba ni ya Congo," nikamwambia. "Umesimama wapi?"

Aliangalia chini, kwenye mchanga. Wenzangu wawili wa doria walishatoka nyuma ya shule. Hakukimbia. Eness alikuja kuchukua beseni lake, akasema samaki wangu hawajakauka sawasawa.

6 Februari

Amekataa kutoa neno la siri la simu. Hata hivyo kwenye kompyuta yake ndogo picha za sikukuu ziko zote, na za wanawake wengine pia, wa pande zote mbili. Anadai aliuza kompyuta na kuinunua tena.

10 Februari

Lusaka wamejibu barua yangu ya Desemba. Imekosa mhuri wa wilaya, niitume upya. Ba Levy alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akagonga mhuri, akasema tuitume, huenda ikamsaidia atakayetufuata.

16 Februari

Kizuizi. Mwendesha mashtaka anasema ujumbe uliotumwa kwa Claire ni muhimu, maana unaonyesha si kesi ya mtu mmoja. Simu ya Claire iko Congo, na Octave haruhusiwi kunitumia ushahidi bila Kinshasa. Nilizunguka meza nzima nikitafuta kifungu.

Nilipompigia Octave kumlilia, alisema, "Dada, simu ni ya nani?"

"Ya Claire."

"Mutu akivuka na simu yake mu kisakosi, mu kamufuko yake, anaomba parke?"

Nikaona aibu. Miezi hii yote nimejifunza namna karatasi zinavyozuiwa mpakani, nikasahau kwamba watu wa ziwa hili wanavuka kila siku.

24 Februari

Claire amefika na bwato la abiria, ameloa mvua mpaka magotini, simu imefungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Uhamiaji walimgongea pasi ya wiki tatu. Amelala kwa Arlène. Webby ndiye aliyembebea mzigo kutoka bandarini.

1 Machi

Ziwa limefunguliwa. Kabla jua halijapanda hapakuwa na mtumbwi hata mmoja ufukweni.

4 Machi

Mahakama ilijaa mpaka madirishani. Wengine walikuja kwa ajili ya haki na wengine kumtazama mwanamke wa picha. Hakimu alilijua hilo. Kabla Arlène hajaapa, alimwambia kupitia mkalimani kwamba anaweza kutoa watu wote nje, sheria inamruhusu.

Arlène alisimama wima kama anavyosimama mbele ya kwaya.

"Aksanti, Mukubwa. Acheni mulango wazi. Alinionyesha kwa batu bote. Njo kwa batu bote nitasema."

Akasema. Alieleza kitambaa cha kijani, fotografe, ahadi ya kuleta picha. Wakili wa Méschac alimwuliza atathibitishaje kwamba mwili ule si wake. Arlène hakumjibu yeye. Alimtazama Webby, aliyekaa benchi la mbele katika siku ya nne ya samaki, siku ambayo kila mvuvi mwenye akili alikuwa majini. Webby aliinuka bila kuitwa. Hakimu alimwamuru akae, kwamba ataapishwa zamu yake ikifika. Ilipofika, alisema juu ya kovu, kwa Kibemba, taratibu, na kwamba yeye alikuwa wa kwanza kumkosea mke wake. Baadhi ya wale wa madirishani walianza kuondoka.

Claire alimfuata na simu yake. Alisoma ujumbe wote, mmoja mmoja, kwa sauti ya muuguzi anayesoma dawa.

13 Machi

Amekutwa na hatia, kwa mashtaka ya wanawake wote wawili. Miaka mitano. Octave amenituma niseme kwamba faili yake ya Kilwa anaiacha wazi, imsubiri akitoka.

Baadhi ya picha bado ziko. Kampuni ya Amerika imefuta ilizoweza kuziona, na kanisani mchungaji aliwataka watu watoe simu zao na kufuta pale pale, wamesimama. Wengi walifuta. Si wote.

Mchana Arlène alikuja kuchukua simu yake, maana ushahidi umekwisha kazi. Aliwasha, akasubiri iamke. Claire alikuwa naye, bwato lake linaondoka kesho. Wakaniomba nitoke nao nje kwenye mwanga. Claire akampiga picha kwenye ngazi za kituo, kichwa wazi, gauni la nyumbani, anacheka kwa sababu Claire alikuwa anamwamuru kama mgonjwa.

Arlène aliitazama ile picha muda mrefu, akaikuza kwa vidole, akakagua kila upande. Kisha akaiweka penye jina lake, mahali pa picha ya mwenye simu ambapo tangu Desemba palikuwa peusi, akaituma kwenye kundi la kanisa, na la wauza samaki, na la wazazi wa shule. Chini yake aliandika: Huyu njo miye.